Jina Jipya la Mtawa: Somo, Ukoo na Kalenda katika Bungoma na Kitale

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza desturi moja ya Kanisa Katoliki ambayo inamhusu mwanaisimu sawasawa na inavyomhusu mwanahistoria wa dini, yaani desturi ya msichana kupewa jina jipya anapoingia utawani. Tutajifunga zaidi na sehemu mbili za magharibi ya Kenya, Bungoma na Kitale, ambako jina la mtu lilikuwa na kazi nzito katika ukoo kabla ya kuja kwa mapadre na masista wa Ulaya.

Swali letu ni hili: msichana aliyezaliwa Nafula au Nasimiyu alipoitwa Sista kwa jina la mtakatifu wa Italia au wa Uholanzi, ni kitu gani hasa kilichobadilika? Wako wanaojibu upesi kwamba alinyang'anywa utu wake akavikwa wa kigeni. Wako pia wanaojibu kwamba hapakuwa na badiliko lolote la maana, kwa kuwa jina ni alama tu. Majibu yote mawili yana upungufu, na upungufu wake huonekana tukiyatazama majina yenyewe kwa makini.

Jibu la pili lina mlezi mashuhuri. Mwaka 1843 mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill alishikilia kwamba jina la pekee humtaja mtu bila kutaja sifa yake yoyote. Sisi tuliosomea isimu ng'ambo tulianzishwa kwa nadharia hiyo, na kwa majina mengi ya Waingereza wa leo inaelekea kufaa. Lakini mtu akiichukua mpaka Bungoma itamwia vigumu kuitetea hata kwa siku moja, kwa sababu huko jina hutaja majira, hutaja njia, hutaja njaa, tena hutaja marehemu. Na ndani ya utawa haifai vilevile, kwani huko jina hutolewa kwa kusudi la kutaja sifa.

2. Maneno mtawa na somo

Yafaa tuanze na maneno mawili ya Kiswahili yanayotumika katika jambo hili. La kwanza ni mtawa. Linatokana na kitenzi kutawa, maana yake kukaa ndani bila kuonekana na watu. Katika miji ya pwani mwanamke aliyetawa ni yule asiyetoka nje ovyo, na mwari aliyetawishwa ni msichana aliyefungiwa ndani akingojea kufundwa au kuolewa. Mtu aliyejitenga na dunia kwa ajili ya ibada naye aliitwa mtawa. Wakatoliki walipolichukua neno hili hawakulibuni, bali walilikuta limekwisha kubeba maana mbili pamoja: uchaji wa Mungu na kutengwa kwa mwanamke.

Neno la pili ni somo. Tukiacha maana yake ya darasani, somo ni mtu mwenye jina moja na mwingine. Somo pia ni rafiki wa siri, na tena ni mwanamke mtu mzima amfundaye mwari, yule ambaye mahali pengine huitwa kungwi. Katika Kiswahili cha Kanisa, hasa Tanzania, somo ni mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, na siku ya kumkumbuka huitwa sikukuu ya somo. Wengine hutumia neno msimamizi, lakini msimamizi halina utamu huo, kwani hunukia ofisi na shamba la mkoloni.

Ni dhahiri kwamba maneno haya mawili yametoka katika nyumba moja. Mwari hutawa, na somo humfunda. Novisi naye hukaa ndani mwaka mzima au zaidi chini ya mlezi, na mbele yake huwekwa somo wa mbinguni ambaye mwenendo wake ndio ataufuata. Kwa hiyo Mswahili akisikia kwamba mtawa amepewa somo mpya, lugha yenyewe imekwisha kumweleza nusu ya jambo: kwamba msichana ametoka hatua moja ya maisha akaingia nyingine, na kwamba yuko wa kumshika mkono. Hili halikuwa geni kwa Wabukusu, kama tutakavyoona.

3. Majina ya Wabukusu

Wabukusu huwapa watoto majina ya namna nyingi. Tutaje mbili. Namna ya kwanza ni majina ya majira na matukio. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula akiwa mvulana, Nafula akiwa msichana. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu. Wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Wa wakati wa nzige ni Wasike au Nasike. Aliyezaliwa njiani ni Wangila au Nangila. Namna ya pili ni majina ya wazee waliokufa. Hapo mtoto huchukuliwa kuwa amebeba jina la marehemu wa ukoo, na marehemu huyo hasahauliki maadamu jina lake linaitwa uani na kuitikiwa.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. Kwanza, katika majina mengi ya majira jinsia imo ndani ya jina. Kiambishi wa- huonyesha mwanamume na na- huonyesha mwanamke. Kiswahili hakina utaratibu huo, kwani hata vipatanishi vya kitenzi havitofautishi. Tunasema "alikuja" kwa wote wawili. Pili, jina la kuzaliwa halikuwa jina pekee la maisha. Mvulana aliyetahiriwa aliingia katika rika lenye jina lake: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma au Sawa, na majina hayo nane huzunguka na kurudi baada ya karibu miaka mia moja. Mwanamke naye, akishapata mtoto, huitwa kwa heshima mama wa fulani, na kwa watu wengi jina lake la usichana huwa halitamkwi tena mbele yake.

Basi Mbukusu hakuhitaji kufundishwa kwamba hatua mpya ya maisha huleta jina jipya. Alilijua hilo. Kilichokuwa kigeni kwake ni kwamba jina hili jipya halikutoka kwa rika, wala kwa mtoto, wala kwa marehemu wa ukoo. Lilitoka katika kalenda.

4. Njia iliyoyaleta majina

Kalenda hiyo ilifika magharibi ya Kenya kwa kupitia Uganda. Shirika la Mtakatifu Yosefu la Mill Hill, lililoanzishwa London mwaka 1866, liliingia Uganda mwaka 1895, na kutoka huko wamisionari wake wakafungua vituo Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904. Kibabii, katika nchi ya Wabukusu, ilifunguliwa katika miaka ya 1930. Kitale ilikuwa na historia yake. Reli ilifika hapo mwaka 1926, mashamba ya walowezi yakaenea Trans Nzoia, na Wabukusu wengi wakaenda huko kufanya kazi. Mwaka 1953 eneo la Eldoret, pamoja na Kitale, lilitengwa na Kisumu likakabidhiwa mapadre wa Mtakatifu Patrisi wa Kiltegan, shirika lililoundwa Ireland mwaka 1932. Baadaye Bungoma ikawa jimbo mwaka 1987, lililomegwa kutoka Kakamega, na Kitale ikawa jimbo mwaka 1998, lililomegwa kutoka Eldoret.

Historia hii imeacha alama katika majina. Mapadre wa Mill Hill, wengi wao Waholanzi na Waingereza, waliandika ubatizo kwa Kilatini, na majina mengi yakabaki na mwisho wake wa Kilatini. Askofu wa kwanza wa Bungoma aliitwa Longinus Atundo, na majina kama Pius na Cornelius ni ya kawaida huko hadi leo. Upande wa Kitale majina ya Ireland yaliongezeka, na shule ya wasichana ya Kiminini ikapewa jina la Mtakatifu Brigid. Hivyo mtu akisikia majina tu anaweza kukisia ni padre wa shirika gani aliyeshika kitabu cha ubatizo.

Sheria ya Kanisa iliyokuwa ikitumika wakati huo, ile ya mwaka 1917, iliwataka maparoko wahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Kama wazazi hawakukubali, padre aliongeza jina la mtakatifu na kuyaandika majina yote mawili kitabuni. Tuangalie neno hilo, yote mawili. Sheria haikuamuru jina la ukoo lifutwe. Ndiyo sababu Bungoma ilijaa watu wenye majina ya jozi, moja la mvua na moja la Roma. Hata Elijah Masinde, aliyeanzisha Dini ya Msambwa mnamo mwaka 1943 akitaka watu warudie misambwa ya wazee, alijulikana kwa jozi hiyo maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 1987. Wafuasi wake walikabiliana na serikali ya kikoloni, na watu 11 waliuawa kwa risasi za polisi huko Malakisi mwezi wa Februari 1948. Lakini jina la nabii wa Biblia halikumtoka kiongozi wao. Kwa hakika jina geni peke yake si ushahidi wa moyo mgeni.

5. Kuitwa upya

Utawani mambo yalikuwa tofauti na ubatizoni. Siku ya kuvishwa vazi na kuanza unovisi, msichana alipewa jina ambalo lingetumika badala ya majina yake ya awali. Katika mashirika mengi aliruhusiwa kupendekeza majina machache, na mkuu wa shirika akachagua. Katika mengine alilisikia jina lake kwa mara ya kwanza mbele ya altare. Aghalabu jina la Maria lilitangulia, kisha likafuata la mtakatifu, na pengine fumbo la imani. Aghalabu pia masista wawili walio hai hawakuruhusiwa kuwa na jina moja, na kwa ajili hiyo shirika lililokua lililazimika kutafuta majina ya watakatifu wasiojulikana sana, na hata ya wanaume.

Tukumbuke kwamba Sheria ya Kanisa yenyewe haikudai jina jipya kwa mtawa. Ilikuwa desturi ya mashirika, nayo ilifasiriwa kwa maneno ya kufa na kufufuka: yule wa zamani amekufa, na huyu ni kiumbe kipya. Katika mashirika mengine ya Ulaya anayeweka nadhiri za daima alilazwa chini na kufunikwa nguo ya maziko ili fumbo hilo lionekane kwa macho.

Hapa ndipo uzito wa jambo kwa Wabukusu ulipo. Tuseme msichana anaitwa kwa jina la bibi yake marehemu. Ubatizo ulimwongezea jina, lakini bibi aliendelea kuitwa. Utawa uliliondoa jina la bibi kinywani mwa watu. Zaidi ya hayo, sista hana mtoto wa kumpa jina, wala hataitwa mama wa fulani. Njia zote mbili ambazo mwanamke wa Kibukusu angepitia ili jina lisimame katika ukoo zilifungwa siku ile ile moja. Wazazi waliopinga binti zao kwenda utawani wametajwa mara nyingi kana kwamba walichojali ni mahari tu. Mahari yalikuwamo, lakini mzazi aliyefahamu kazi ya jina alikuwa na hoja nzito zaidi ya ng'ombe.

Yafaa pia tulinganishe na wanaume. Padre wa jimbo habadilishi jina anapopewa daraja. Maurice Otunga, aliyezaliwa Bungoma mwaka 1923, mwana wa chifu Sudi Namachanja, alipewa upadre mwaka 1950, akawa askofu mkuu wa Nairobi mwaka 1971 na kardinali mwaka 1973, na mpaka alipofariki mwaka 2003 dunia nzima ilimwita Otunga. Jina la kwao lilipanda naye ngazi hadi Roma. Ni kweli kwamba wanaume walioingia mashirika ya kitawa nao walipewa majina mapya, na Papa mwenyewe hubadili jina. Lakini kwa kuwa vijana wengi wa kiume walielekezwa kwenye upadre wa jimbo, na wasichana hawakuwa na mlango mwingine ila utawa, mzigo wa kuacha jina uliwaangukia hasa wanawake.

6. Kevin na Nafula

Hata hivyo tutakosea tukidhani kwamba masista wa Ulaya waliwafanyia Waafrika jambo ambalo wao wenyewe hawakulipitia. Mfano mzuri ni Mama Kevin. Alizaliwa Teresa Kearney mwaka 1875 katika jimbo la Wicklow, Ireland. Alijiunga na Wafransisko wa Mill Hill, akapewa jina la Kevin, na mwaka 1903 alifika Nsambya, Uganda, pamoja na wenzake watano. Mwaka 1923 alianzisha huko Nkokonjeru shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika, shirika ambalo baadaye lilipokea pia wasichana wa Kenya.

Kevin ni jina la mwanamume, abate wa karne ya 6 aliyeishi Glendalough. Na Glendalough iko wapi? Iko Wicklow, katika jimbo lile lile alikozaliwa Teresa. Kwa hiyo msichana huyu alipoliacha jina la mtakatifu wa Hispania hakwenda mbali na kwao. Alichukua jina la mzee wa nchi yake mwenyewe, kana kwamba Nafula angeruhusiwa kuitwa kwa jina la mwonaji mashuhuri wa Wabukusu. Kwake kufa kwa jina moja kulikuwa kurudi nyumbani kwa jina jingine.

Nafula hakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa kalenda haikuwa na mtu wa kwao. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo palipokuwa na upungufu wa haki. Desturi ilikuwa moja kwa wote, ila ghala la majina halikuwa moja. Mwireland aliweza kuacha jina bila kuacha nchi, lakini Mbukusu hakuweza kuliacha la kwanza bila kuiacha na ya pili. Tena yule aliyekuwa na alama ya uanamke ndani ya kiambishi na- aliweza kujikuta na jina la abate. Kiswahili, kwa kutojali jinsia katika sarufi yake, kiliusitiri mgongano huu. "Sista Yosefu amefika" ni sentensi isiyomshtua Mswahili yeyote, lakini kwa sikio lililozoea Wafula na Nafula ina kitu cha kushangaza.

Nao watu hawakukaa kimya. Waliyafinyanga majina. Huko Uganda Kevin alipata irabu ya mwisho akawa Kevina, na wazazi wakawapa binti zao jina hilo. Nyeri, Sista Irene Stefani, Mwitalia aliyebatizwa Aurelia na kufika Kenya mwaka 1915, aliitwa na Wakikuyu Nyaatha, mama wa huruma. Yaani jamii ilimpa jina la tatu juu ya lile la wazazi na lile la shirika, na alipotangazwa mwenye heri mwaka 2015 ndilo lililokuwa vinywani mwa watu.

7. Baada ya Mtaguso

Mwaka 1965 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Perfectae Caritatis, iliyoyataka mashirika ya kitawa yajirekebishe kwa kufuata roho ya waanzilishi wao na hali ya nyakati. Mashirika yakazitazama upya katiba zao. Utawa ukaanza kuelezwa kuwa ni ukamilifu wa ubatizo, na kama ni hivyo, jina la ubatizo halina sababu ya kuzikwa. Masista wengi duniani wakarudia majina yao ya awali, wengine wakabaki na ya kitawa kwa kuwa ndiyo waliyojulikana kwayo. Sheria mpya ya Kanisa ya mwaka 1983 ililegeza hata upande wa ubatizo. Sasa inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa fikra ya Kikristo.

Kulikuwa na sababu nyingine za kawaida zaidi. Sista mwalimu au muuguzi alihitaji cheti, akaunti ya benki na pasi ya kusafiria. Jina la utawa halikuwa jina la kisheria mpaka mtu alitie katika hati ya kubadili jina. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoundwa mwaka 1967, jina lililohesabika mbele yake ni lile la vyeti. Hivyo Nasimiyu aliyekuwa amezikwa utawani alifufuliwa na karani wa mshahara.

Lakini badiliko kubwa zaidi lilitokea katika kalenda yenyewe. Mashahidi wa Uganda walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Miongoni mwao alikuwamo kijana Kizito, anayejulikana kwa jina lake la Kiganda tu. Tangu hapo Kizito likawa jina la ubatizo lisilobishiwa, na Bungoma na Kitale wamo wenye kuitwa hivyo. Kwa wanawake ilibidi kungoja zaidi. Perpetua na Felisita walikuwa Waafrika wa kale, lakini majina yao ni ya Kilatini. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri sista Mkongo wa kabila la Wabudu, wa shirika la Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Shirika lilikuwa limempa jina la Marie-Clémentine. Waumini wa Afrika Mashariki hawamwiti hivyo. Wanamwita Anuarite.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Jina la utawa lilikuwa na vazi, nadhiri na madaftari ya shirika nyuma yake, na bado jina la Kiafrika likalishinda katika vinywa vya watu. Leo msichana anaweza kubatizwa Anuarite, na jina ambalo zamani lingeachwa mlangoni mwa utawa limekuwa lenyewe jina la somo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba Wabukusu hawakuwa wageni wa kubadili majina, na kwamba Sheria ya Kanisa haikudai jina la ukoo lifutwe. Uchungu wa desturi hii ulitoka katika mambo mawili: kufungwa kwa njia ambazo jina la mwanamke huendelea katika ukoo, na uhaba wa majina ya Kiafrika katika kalenda. Jambo la pili limeanza kurekebishika. Kesi ya kumtangaza Kardinali Otunga imefunguliwa, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Ikifaulu, jina la Kibukusu litaingia katika orodha ambayo zamani iliwafundisha Wabukusu kuitwa Longinus.

Jambo la kwanza haliondolewi na kalenda. Sista bado hatakuwa na mtoto wa kumpa jina la bibi yake. Lakini kuna kina Kevina wa Uganda, waliopewa jina la mwanamke ambaye hakuzaa, na mfano wao unaonyesha kwamba jamii ilikuwa na jibu lake. Hao wote ni masomo wake kwa maana ya kale ya neno hilo. Mtafiti atakayeendeleza kazi hii aanzie hapo: avifungue vitabu vya ubatizo vya Bungoma na Kitale, ahesabu ni watoto wangapi walipewa majina ya masista waliowafundisha na kuwauguza mama zao, na kati ya majina hayo ni mangapi yanayoanza na na-.